Mwiko wa Bawa Jeupe

Siku Jigmit alipofungua lango la ua wangu, mwezi wa sita, nilikuwa nanoa mundu. Nilimtazama usoni mara moja tu nikajua kinachomuua. Wekundu ulikuwa umempanda mpaka kwenye masikio, mishipa ya shingo imetuna, na kila baada ya hatua mbili alitikisa kichwa kama farasi aliyeingiwa na mdudu sikioni. Dawa yake ilikuwa sentensi moja. Katika bonde zima la Oka sentensi hiyo nilikuwa nayo mimi, na mke wangu Handa kwa sababu nilimfundisha.

Miaka sitini na tatu hakuwahi kukanyaga ua ule. Aliliegemea lango kwa mkono mmoja akihema.

"Mdogo wangu Namhai," alisema, "mbwa wako hang'ati?"

"Anang'ata. Ila anachagua nyama."

Alicheka. Alidhani ni mzaha. Kicheko kilimuuma, akashika paji la uso.

Kwetu mgeni haelezi shida yake kabla hajanywa chai, na chai haikataliwi, hata kama umekuja kumwambia mwenye nyumba kwamba zizi lake linaungua. Handa alikuwa ameshaweka birika jikoni, chai yetu ya kila siku ya maziwa na chumvi. Nilipita nyuma ya jiko, nikashusha kifungu cha mmea wa bawa jeupe kinachoning'inia kwenye boriti, nikavunja vitawi vitano nikavitia ndani. Vitawi vitatu ndicho kipimo cha birika zima, kwa wachungaji watano vijana wanaovuka njia ya theluji na mizigo. Handa aliona. Mbele ya mgeni hakusema neno, lakini alinikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, na kisigino cha Handa si chepesi.

Harufu ikajaa chumba kizima, ile harufu ya matunda ya porini yaliyoiva juani. Jigmit akavuta pumzi.

"Hee, bawa jeupe! Kumbe unajua heshima."

Nikaonja kwanza, maana kwetu mwenye nyumba ndiye hutangulia kuonja, kisha nikamkabidhi bakuli kwa mikono miwili. Akanywa. Nikamwongeza. Akanywa tena. La tatu alilimaliza polepole, jasho likimtoka, ndipo akaanza kusema.

"Silali, Namhai. Wiki ya tatu hii. Nikilaza kichwa, sikio hili linavuma kama mto, na moyo unanikimbilia kama ng'ombe walioona mbwa mwitu. Mjini wamenipima, wamenipa vidonge. Navimeza. Hakuna kitu. Mama yako alikuwa anayajua mambo haya. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea magunia, lazima unakumbuka kitu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeazima msumeno kwa jirani.

"Nakumbuka," nikamjibu. "Nakumbuka yote."

Mama yangu aliitwa Butid. Alitibu watu na alitibu mifugo, na hakutofautisha sana. Alikuwa na mimea mingi, lakini ule aliouheshimu kuliko yote ni bawa jeupe lenyewe, kichaka ambacho hakifiki goti la mtu, kinachoota juu kabisa, kule ambako miti imekwisha kata tamaa, kwenye mawe ya upande wa kaskazini ambako theluji huondoka mwezi wa saba na kurudi mwezi wa tisa. Jani lake ni dogo kuliko ukucha, juu la kijani, chini lina rangi ya kutu. Alichuma ncha moja tu kwa kila kichaka, na kabla ya kuchuma ya kwanza alirusha matone ya chai hewani na kumwomba radhi mzimu mwenye mlima. Alianika kivulini, kamwe si juani. Mchungaji aliyerudi amechoka hata hawezi kuvua viatu, alimpa. Mwenye kifua alimfunika blanketi juu ya mvuke wake. Fizi zinazotoka damu alizisukutua kwa maji yake, wazee wenye miguu ya baridi aliwaosha nayo, na ndama wanaoharisha aliwanywesha kwa pembe. Wanaume waliooa wake wadogo walikuja kwa mlango wa nyuma, wakikohoa kohoa, naye aliwapa bila kuwauliza wanaumwa wapi.

Lakini kila dawa yake ilikuwa na mwiko, na alianza kutaja mwiko kabla ya dawa. Mwiko wa bawa jeupe ulikuwa huu: mwenye uso mwekundu na masikio yanayovuma asiliguse hata tone. "Bawa linainua," alikuwa akisema. "Huyo ameshainuliwa. Ukimpa, litamrusha."

Nilikuwa na miaka kumi na minne walipokuja kumchomea dawa zake. Jigmit alikuwa na ishirini, katibu wa vijana wa chama, koti jipya la ngozi, kalamu mbili mfukoni. Wilayani walikuwa wameagiza kwamba uganga ukomeshwe, na vijiji vingine vilimaliza kwa karatasi tu: mganga aliitwa, akakemewa, akarudi kwake. Jigmit hakutosheka na karatasi. Aliyatoa magunia yetu kumi na moja, akayapanga mbele ya shule, akaita watu wote, hata watoto wa darasa la kwanza. Kisha hakuyachoma yeye. Alimwamuru mama ayatupe motoni mwenyewe, moja moja, na kila alipotupa aseme, "Nimewadanganya watu." Mara kumi na moja. Moshi ulikuwa mtamu, watu waliokuwa karibu walilewa kichwa. Mwisho akampa karatasi atie sahihi kwamba hatagusa mmea tena maisha yake yote. Mama hakujua kuandika. Jigmit alimshika mkono akamwandikisha.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita. Watu aliowainua kitandani walivuka barabara wakimwona. Miaka miwili baadaye, mwezi wa pili, kifua kilimbana. Nilipanda mlimani kwenye theluji inayofika kiunoni, nikachimba kwa mikono mpaka nikapata vichaka, nikarudi na vitawi ndani ya kofia. Nikachemsha maji nikamwekea mvuke. Aligeuza uso ukutani.

"Nimetia sahihi," akasema.

"Mama, ni karatasi tu!"

"Nimetia sahihi, mwanangu."

Alikufa mwezi wa tatu, bila kuvuta hata pumzi moja ya dawa yake.

Baadaye nikawa msaidizi wa daktari wa mifugo, na kwa miaka minne nikasoma shule ya jioni, mchana ng'ombe, jioni vitabu. Huko ndiko nilikojifunza moyo unavyosukuma damu na presha ni kitu gani. Niliposoma ukurasa ule nilifunga kitabu nikatoka nje kusimama. Mwiko wa mama haukuwa ushirikina. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake aliyaona kwa macho yale ambayo mimi niliyasoma kwenye michoro.

Na Jigmit? Zama zilipogeuka, naye aligeuka. Alipiga mahema ya duara karibu na chemchemi za maji moto, akatundika ubao wenye picha yake amevaa kofia ya hariri: Mzee Jigmit, Mrithi wa Siri za Mlima. Watu wa mjini wanakuja kwa magari kunywa bawa jeupe lake, na yeye ndiye mwenyeji, kwa hiyo yeye ndiye anayeonja kwanza. Kundi likiingia, anaonja. Kundi likitoka, jingine linaingia, anaonja. Msimu wa joto ni mabakuli kumi na tano, ishirini kwa siku, mtu wa miaka themanini na tatu. Na kuonja kwake ni kumaliza bakuli, apate kuwaonyesha wageni jinsi linavyomfanya kijana. Jani alilijua, kwa sababu alilisoma kwenye magunia yetu. Mwiko hakuujua. Mwiko haukuwemo ndani ya magunia.

Hivyo alikuja kwangu.

"Dawa ipo," nilimwambia siku ile. "Wala si ngumu. Siku ya oboo, tukipanda kwenye rundo la mawe kuurushia mlima maziwa, mbele ya wanaume wote, utasema ulichomfanyia Butid. Kwa kinywa chako, bila karatasi. Ukimaliza kusema, nakupa dawa pale pale."

Alinitazama kwa muda, jicho moja limevilia damu.

"Namhai, ile ilikuwa amri ya wilaya."

"Wilaya ilisema magunia yachomwe. Haikusema ayatupe yeye."

"Nilikuwa kijana."

"Na mimi nilikuwa mtoto. Tumekua wote."

"Mambo ya miaka sitini! Wewe mtu gani? Kila mtu alifanya kitu wakati ule."

"Basi sema wewe kitu chako, wengine watasema vyao."

Alisimama, akayumba, akashika meza. "Mama yako alikuwa na moyo mzuri. Sijui wewe umeutoa wapi huo wako."

"Niliuokota mbele ya shule," nikasema. "Ulikuwa bado wa moto."

Lango lilipofungwa, Handa alinigeukia na mwiko wa kukorogea mkononi.

"Baba Tuyana, unamuua mtu kwa chai."

"Simuui. Namkirimu. Ulitaka nimpe maji?"

"Kwenye nyumba yangu! Kwa birika langu!"

"Birika ni la mama."

"Haya, na mama yako angelitumia hivyo?"

Nilitoka kwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Handa alinifuata mpaka kizingitini.

"Nakupa mpaka siku ya oboo," akasema. "Najua alichofanya, ndiyo maana nanyamaza. Lakini mkishuka mlimani siku ile, awe amesema au hakusema, mimi namwambia. Nitasimama pale chini kwa wanawake na nitapiga kelele mpaka ng'ombe wa ng'ambo ya mto wasikie."

Zilibaki siku ishirini na sita. Nilizihesabu kwa furaha, sitaficha. Kila asubuhi nilipomwaga maji ya uso nilifikiria Jigmit anapokea kundi la kwanza, anainua bakuli, watu wanapiga picha. Kazi ambayo ningeshindwa kuifanya kwa kisu, alikuwa akijifanyia mwenyewe, kwa tabasamu, mbele ya wageni. Nilikuwa nanyamaza tu. Mtu hafungwi kwa kunyamaza.

Wiki mbili baadaye alirudi. Safari hii aliletwa na gari, na mjukuu wake Erjena ndiye aliyeendesha, mwanamke wa miaka thelathini hivi anayesimamia yale mahema. Alimshika babu yake mkono kumvusha kizingiti. Mzee alikuwa na pamba puani.

Handa aliwahi birika kabla yangu. Akamimina chai tupu ya maziwa, akaonja, akampa kila mmoja.

"Babu Namhai," Erjena alianza mara tu bakuli lilipokwisha, "tumetoka tena mjini. Wameongeza vidonge. Anameza asubuhi na jioni, mimi mwenyewe namsimamia, na presha haishuki hata kidogo. Daktari amechanganyikiwa. Ameuliza kila kitu: nyama ya mafuta, chumvi, pombe, sigara."

Nikaona jinsi ilivyokuwa. Nani anamwambia daktari kwamba anakunywa chai? Kwetu ni kama kumwambia kwamba unavuta pumzi.

Handa akafungua kinywa. Nilimtazama. Akakifunga, lakini macho yake yalinichoma.

Jigmit alikuwa anachungulia ndani ya bakuli lake kama aliyeibiwa.

"Shemeji," alimwambia Handa, "chai hii ni maziwa matupu. Mmeishiwa? Au siku hizi mnaninyima? Mara ile mlinipa ya heshima."

"Hii ndiyo nzuri kwako, shemeji," Handa akasema. "Kunywa hii."

"Nzuri kwa mtoto anayeachishwa ziwa! Nina siku tatu sijalala, mwili hauna nguvu. Namhai, mwambie mkeo aweke bawa."

Aliliomba mwenyewe. Mjukuu wake ni shahidi. Niliinuka bila haraka, nikashusha kifungu, nikavunja vitawi vitano.

"Kwa moyo wote," nikasema.

Handa aliondoka chumbani. Niliusikia mlango wa nyuma.

Akanywa mabakuli mawili ya chai ile. La pili lilipofika nusu, pamba puani ililoa, tone la damu likadondoka katikati ya maziwa na kutanda taratibu. Erjena alipiga ukelele, akachana kitambaa. Jigmit alikitazama kile kitone muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Siku ya oboo ni Jumapili ya wiki ijayo," nikamkumbusha.

"Nitakufa kwanza kabla ya kukufurahisha wewe."

"Hilo ni shauri lako, mzee. Niongeze?"

Alinyoosha bakuli. Ni mazoea ya maisha, mkono wenyewe unakwenda. Nikammiminia la tatu juu ya mabaki ya la pili, akanywa, damu yake na yote. Sijawahi kuona kitu kilichonipendeza zaidi ya kile, na nimeishi miaka sabini na saba.

Wakati wanaondoka, Erjena alirudi peke yake mpaka mlangoni. "Babu, kama unajua kitu, niambie mimi. Mimi sikumfanyia mama yako lolote. Hata sikuwa nimezaliwa."

"Najua, mjukuu wangu. Ndiyo maana sikuombi wewe useme."

Jumapili ile kulikucha bila wingu. Wanaume walipanda kwa njia ya mawe, wanawake wakabaki chini wakipika nyama kwenye masufuria makubwa. Kwetu wanawake hawapandi kwenye oboo, na mwenye ugomvi hapandi nao juu. Anautua njiani au harushi maziwa. Na Jigmit, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote, ndiye aliyepaswa kushika kijiko cha kurushia maziwa. Miaka kumi na miwili alikuwa akikishika.

Alipanda akishikiliwa na watu wawili. Katikati ya njia alikaa kwenye jiwe, akasema anaona milima miwili badala ya mmoja. Wakataka kumrudisha, akakataa. Nilikuwa nyuma yake hatua kumi. Niliona mkono wake wa kushoto unavyochezacheza pajani bila yeye kuutuma, nami nikajua kwamba haibaki siku nyingi, labda hata Handa hatawahi. Niliogopa kidogo. Si kwamba atakufa. Niliogopa kwamba atakufa hajasema.

Juu, tulizunguka rundo la mawe mara tatu, vitambaa vya bluu vikipiga kelele kwenye upepo. Mwenyekiti wa kijiji alimpa Jigmit ndoo na kijiko. Alichota maziwa. Mkono ukatetemeka, maziwa yakamwagika kwenye buti zake. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Wanaume hamsini wakaangalia buti zao, maana mlima ukikataa maziwa ya mtu kila mmoja anajua anachofikiri mwenzake.

Akashusha kijiko ndoani.

"Kuna jambo," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Zamani kulikuwa na makosa. Watu walionewa. Hata hapa kijijini kwetu, kuna mama mmoja, dawa zake zilichomwa. Lilikuwa jambo baya. Tunasikitika."

Akanitazama, kana kwamba amelipa.

"Nani alichoma?" nikauliza.

"Wakati ule..."

"Wakati hauna mikono. Nani?"

"Sisi. Vijana wa chama."

"Nani, Jigmit?"

Upepo ulikuwa umetulia kidogo, kila mtu akamsikia. "Mimi."

"Mama mmoja ana jina."

"Butid. Nilimlazimisha Butid atupe magunia yake motoni kwa mikono yake. Nikamlazimisha aseme amewadanganya watu." Machozi yalimtoka, sijui kama ni ya majuto au ya maumivu ya kichwa, na sikujali. "Hakumdanganya mtu. Mwaka mmoja kabla, alimponya dada yangu, na mimi nilikuwa namjua ni mkweli. Nilitaka kupandishwa cheo. Ndiyo hiyo. Nipe dawa, Namhai. Mbele ya watu hawa, nipe."

Lile la dada yake nilikuwa silijui. Lilinipiga kifuani. Kisha nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wote:

"Acha bawa jeupe. Leo, sasa hivi, usionje hata tone. Meza vidonge vyako na unywe chai tupu. Ni mwiko wa Butid: mwenye uso mwekundu na masikio yanayovuma asiliguse, maana linainua, na yeye ameshainuliwa."

Walisubiri niendelee.

"Ni hilo tu?" Jigmit akauliza.

"Ni hilo tu."

Alisimama pale akihesabu kitu kichwani, midomo inacheza. "Ulijua lini?"

"Kabla hujakaa kwenye kiti."

"Na ukanimiminia."

"Nilikumiminia."

Mwenyekiti wa kijiji alinigeukia. Ni mtu mpole, nilimtibia farasi wake mara nyingi. "Mangapi, mzee?"

Ningeweza kusema moja. "Matatu mara ya kwanza, matatu mara ya pili," nikasema. "Na nilitia vitawi vitano."

Hakuna aliyenikaripia. Afadhali wangenikaripia. Kwetu mtu anaweza kumpiga mwenzake barabarani, wakasuluhishwa. Anaweza hata kumwibia ng'ombe. Lakini kumdhuru mgeni kwa chai ya nyumbani mwako, aliyoipokea kwa mikono miwili, hilo hakuna aliyewahi kusikia limefanywa, hata na maadui wa babu zetu. Jigmit hakuweza kurusha maziwa. Anayemfuata kwa umri ni mimi. Mwenyekiti alichukua ndoo, akanipita mbele ya kifua kabisa, akampa kijiko mtu wa nyuma yangu. Aliporusha, maziwa yalikwenda juu vizuri.

Nilishuka peke yangu. Habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake walikuwa wanageuza nyama, hakuna aliyeinua kichwa. Erjena alikuwa amemlaza babu yake ndani ya gari, anamfungua vifungo vya shati. Handa alikuwa amesimama mbali na masufuria.

"Amesema?" akauliza.

"Amesema."

"Yote?"

"Zaidi ya niliyoyajua."

"Na wewe?"

"Nimesema mabakuli sita."

"Angalau hukupunguza," akasema, akaelekea nyumbani. Hakunishika mkono njiani, na njia ile ina mawe.

Jigmit hakufa. Alilala siku ile jioni mpaka kesho yake mchana, na baada ya siku kumi wekundu ulimwondoka usoni kama maji yanavyopungua mtoni. Mkono wa kushoto bado hauna nguvu. Vidonge vya mjini, kumbe, vilikuwa vizuri muda wote.

Watu wanakuja kwangu sasa. Wanataka miiko ya Butid, sio ya bawa jeupe peke yake, ya mimea yote. Yule wanayemkumbuka kwa hadithi za bibi zao, wanamtaja kwa jina bila kunong'ona. Wanasimama nje ya lango na chupa zao za chai wanazotoka nazo nyumbani, wananiuliza kutokea pale, nami nawajibu kutokea pale. Ndani hawaingii. Handa anaumia kwa hilo kuliko mimi. Alizoea nyumba ya wageni. Kuna siku aliniuliza kama ningerudi nyuma ningefanya tofauti. Nilimwambia ningetia vitawi vitatu. Hakucheka.

Mwezi wa nane nilikwenda kule kwenye mahema. Handa hakutaka kuja. Lilikuwa kundi la watu kumi na wawili kutoka mjini, wamekaa kwenye vigoda kuzunguka jiko. Erjena ndiye aliyeonja bakuli la kwanza. Jigmit alikaa kwenye kiti chake, kofia ya hariri kichwani, bakuli la maziwa matupu mapajani. Aliniona naingia. Nilikaa nyuma kabisa, mahali anaponiona vizuri. Hakuna aliyenimiminia chai.

"Kabla hamjanywa," aliwaambia wageni, polepole, "mwenye presha aseme. Huu ni mwiko wa Butid."

Wawili waliinua mikono, mabakuli yao yakaondolewa. Nilidhani ameishia hapo. Lakini mwanamke mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akiandika kwenye daftari, akainua kalamu.

"Samahani, babu. Butid ni nani?"

Jigmit akanitazama kupita vichwa vya watu wote. Nikasogeza kigoda changu mbele kidogo, nikaweka mikono magotini. Sikuwa na haraka, na gari la kurudi linaondoka saa kumi.

Akaanza upya, tangu kwenye magunia.